Gari Lililomtii Mama Mkwe

Mume wangu aliniachia gari na mimba ya miezi sita, akapanda lori la msafara kwenda mkoani kwa kazi ya wiki mbili. Barabara ikafungwa nyuma yake. Wakati ule wa vita barabara zilifungwa jinsi mwenye duka anavyofunga duka lake: leo ipo, kesho haipo, na hakuna wa kukueleza. Wiki mbili zikawa miezi, naye akawa sauti ya kukwaruza kwenye simu ya ofisini kwetu, mara moja moja, akiniuliza kama ninakula vizuri.

Tulikuwa tunakaa Gihosha, juu ya mji wa Bujumbura, pale ambapo lami ilikuwa inakwisha na makorongo yanaanza. Mimi nilikuwa karani katika wizara moja mjini, na hospitali nilikoandikishwa kujifungua ilikuwa huko huko mjini, chini. Asubuhi ungeweza kushuka kwa basi dogo bila taabu. Lakini ikifika saa kumi jioni hakuna dereva aliyekubali kupanda kwetu, wote wakiogopa giza na milima, na usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Mwaka uliotangulia jirani yangu alishikwa na uchungu jua likizama. Alizaa sebuleni kwake na mtoto hakuishi. Mimi nilikuwepo, ndiye niliyeshika taa. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mwanamke mwenye uchungu akiwa ndani ya gari askari wa kizuizini humwachia njia, lakini mwanamke mwenye uchungu asiye na gari hana wa kumwomba njia. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: siku yangu ikifika, gari liwake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, limeshafika umri wa kuoa. Kuendesha nilijua. Mume wangu alinifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa, tukagombana kila kona, nikapata leseni yangu. Ila vilivyokuwa chini ya boneti, au kapo kama tunavyosema Bujumbura, sikuvijua hata kimoja. Kwangu gari lilikuwa ufunguo na usukani, mengine ni ya wanaume na mafundi.

Jumapili ya kwanza baada ya yeye kuondoka niliingia nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikakataa. Nikajaribu tena na tena mpaka nikaanza kulitukana. Mama mkwe wangu, ambaye mume wangu alikuwa amemleta kutoka kijijini anisubiri nijifungue, alinihurumia akatoka na rozari yake mkononi, akafungua mlango wa pili, akakaa kando yangu. Nilizungusha ufunguo na gari likawaka mara moja, kama vile lilikuwa linamsubiri yeye.

Tulicheka sana. Tukaenda kanisani, tukarudi, nikalizima mbele ya nyumba, mama mkwe akashuka. Jumatatu asubuhi likakataa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza magari, na ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa. Nilidhani mtu akianza kujifunza jambo, kila siku analielewa kidogo zaidi. Mimi kila siku nilielewa kidogo zaidi kipande kimoja, na gari zima nikalielewa kidogo kuliko jana. Nilijua kupima mafuta ya injini kwa kile kijiti. Nilijua maji ya radieta na maji ya betri kuwa si maji yale yale. Lakini kwa nini leo linawaka na kesho haliwaki, hilo sikulijua, na kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyozidi kupotea.

Majirani hawakuninyima ushauri. Mwalimu wa upande wa juu alisema ni betri, nikazisugua shaba zake kwa maji ya moto na majivu. Mama muuguzi wa nyumba ya pili alisema ni baridi ya asubuhi, nikaanza kulifunika kapo kwa blanketi kuukuu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa serikali alicheka akasema ni esansi, yaani petroli, na huyo nilimwamini zaidi, kwa sababu ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zimetufungia mipaka, na petroli ilikuwa inauzwa kando ya barabara kwenye chupa, imechanganywa na mafuta ya taa mpaka inanuka kama jikoni. Nikaichuja kwa kitambaa cha pamba. Nikaiacha itulie kwenye dumu kama mtu anayetengeneza pombe. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwauliza majirani wa Gihosha habari za gari.

Nilikwenda hadi kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique kutafuta bujii mpya, zile plagi za kutoa cheche. Mwenye duka, Mwislamu mpole wa siku nyingi mjini, alinifungulia mikono mitupu: vitu haviingii nchini. Akanifundisha kuzifungua za zamani na kuzisafisha. Nikarudi nyumbani, nikaazima spana, nikainama. Tumbo lilikuwa linafika kwenye injini kabla yangu. Nilizitoa zote nne, nikazisugua masizi kwa mswaki wa mume wangu, nikarudisha mswaki mahali pake bafuni. Sikuona aibu. Nilikuwa na hasira naye kwa kunipigia simu kuniuliza habari za chakula, nayo ikikatika kabla sijamweleza habari za gari.

Bujii zikang'aa. Gari likakataa. Nikamwita mama mkwe aje akae. Likawaka.

Mtu akinisimulia mimi habari hizi nitamwambia aache uzushi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Akipanda yeye, mara nyingi linawaka. Akishuka, kesho yake mara nyingi limekufa. Na lilikuwa na tabia nyingine: tukishuka mteremko wetu, kwenye ile kona kali ambapo mama mkwe alikuwa anajikaza miguu yote miwili na kumwita Bikira Maria, mara nyingine injini ilikuwa inazimika kabisa, gari likienda lenyewe kwa uzito wake. Nikasema, aa, kwenye kona esansi inamwagikia upande mmoja wa tangi. Nilijivunia sana maelezo hayo. Niliyatoa kazini mbele ya wenzangu na wote wakatikisa kichwa kwa heshima.

Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Walianza kusema mama yule ana baraka. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu vita vianze walitoka wakasimama pamoja kumtazama anavyoingia garini, kisha gari likiwaka wakapiga makofi. Likikataa, walisukuma. Hiyo ni desturi yetu, gari likikwama hakuna anayeitwa na hakuna asiyekuja, wa upande huu na wa upande ule bega kwa bega. Walisukuma gari lile mpaka makorongo wakayajua kwa nyayo. Kusukuma hakukusaidia hata mara moja, na hilo nalo hakuna aliyeweza kulieleza, maana gari la gia za mkono lenye betri nzima likisukumwa lazima liwake.

Hatimaye nikaenda kwa fundi. Sikuwa nimemwendea mapema kwa kiburi tu, na kwa sababu Buyenzi, mtaa wa mafundi, ni mbali na Gihosha. Alikuwa fundi wa mume wangu wa miaka yote, mtu mzima, kofia nyeupe iliyobaki nyeupe kwa namna ambayo sikuielewa, mwenye maneno machache. Siku hiyo gari liliwaka, mama mkwe alikuwa amepanda. Nilimweleza fundi yote: betri, blanketi, bujii, kona, baraka. Alisikiliza huku anafuta mikono. Kisha akaniuliza bwana anarudi lini.

Nikamwambia sijui. Akasema basi tungoje bwana.

Nilikasirika. Niliona ni wale wale, wasioweza kumweleza mwanamke gari bila mume wake kuwa kando. Nikamwambia mtoto hatangoja bwana. Aliinamisha kichwa, akaangalia injini muda mrefu, akakwaruza hiki, akakaza kile. Kwa kuwa nilikuwa nimelalamika pia kuwa gari linagusa mawe ya Gihosha, alilinyanyua nyuma kwa kuongeza vipande vya mpira wa tairi kuukuu juu ya springi, vimekatwa kwa kisu vizuri kama mkate. Kazi hiyo ilikuwa safi. Gari likawa limesimama makalio juu kama bata anayekunywa maji, na makorongo hayakuligusa tena. Lakini la kuwaka hakuligusa, au mimi niliona hakuligusa.

Lilipokataa tena nilimtumia ujumbe, akapanda kuja Gihosha mwenyewe. Akafungua kapo, akatazama, akaniomba nimletee maji ya radieta. Nilipotoka ndani na ndoo gari lilikuwa linanguruma. Nikauliza lilikuwa na nini. Akasema waya ulilegea kidogo. Safari nyingine aliniomba sabuni. Nilipokuja na sabuni, lilikuwa linanguruma. Nikauliza tena, akasema ni ule ule waya. Nikamwomba anionyeshe huo waya, naye akaelekeza kidole mahali penye waya kumi na mbili.

Nilianza kujiogopa. Nilifikiri labda mimi ndiye mwenye kasoro, kwamba mkono wangu au mimba yangu inaliua gari. Nilikuwa nimeona mambo mengi miaka ile ambayo hayakuwa na maelezo: mtu aliyekuwa rafiki jana leo anavuka barabara asikuone. Gari la kumkataa mwenyewe na kumkubali mama mkwe halikuwa jambo la ajabu kuliko hayo.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, kwa huruma ya Mungu. Maumivu ya kwanza yalikuwa mepesi, nikajiambia nina muda, mabasi ya asubuhi nikayaacha yapite. Nikaingia garini, likakataa. Mama mkwe akapanda, likakataa. Akashuka, akapanda tena, likakataa. Baraka zilikuwa zimekwisha. Majirani wakasukuma mpaka kwenye mkuyu wa chini na kulirudisha kwa jasho. Mwalimu, aliyekuwa anashuka mjini, nilimwomba apitie Buyenzi kumleta fundi, na kama akipata gari lolote la kukodi alilete pia.

Gari la kukodi halikupatikana. Kulikuwa na milio ya bunduki upande wa milima tangu adhuhuri na madereva walikuwa wamekwisha kuficha magari yao. Fundi alipanda na basi la mwisho, akatembea sehemu iliyobaki. Saa kumi ilikuwa imepita. Maumivu yalikuwa yananishika na kuniachia, yananishika na kuniachia, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, naiona ile taa ya usiku wa jirani machoni pangu bila kutaka.

Fundi alinisalimu, akafungua kapo. Akasema, "Madamu, uniletee maji kidogo ya mu radieta."

Nikasimama. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa gari nikaushika.

"Leo siendi kuleta maji," nikamwambia. "Tumbo limeanza. Fanya mbele yangu, mi nione."

Hakusogea. Alimtazama mama mkwe, akaitazama barabara ambayo kivuli kilikuwa kinaijaza. Nilimwona anahangaika, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa ananidharau. Alikuwa anaogopa. Nikamwambia mficha uchi hazai, na mimi ndiye ninayetaka kuzaa hapa.

"Mi nilimupa bwana neno langu," akasema. "Gari, ni yeye aliniletea."

Kisha akainama ndani, upande wa abiria, akafunua kapeti pale karibu na tuta la sakafu katikati ya viti. Kulikuwa na kitufe kidogo cheusi, cha kubonyeza. Ukikibonyeza mara moja, umeme wa kuchoma esansi umekatika. Ukikibonyeza tena, umerudi. Alikibonyeza kwa kidole gumba na gari likawaka.

Nilikuwa nimesikia habari za vitufe hivyo. Miaka ile magari yalikuwa yanachukuliwa na kila mwenye bunduki, na wenye magari walikuwa wanawaomba mafundi wawafichie kitufe, kila mmoja mahali pake. Na mafundi walikuwa na sheria yao: siri ni ya aliyelileta gari. Fundi atakayesema, hata kwa ndugu wa mwenye gari, hataletewa gari tena Bujumbura nzima. Nilidhani ni mambo ya magari ya wakubwa. Sikufikiri kuhusu letu, lililokuwa linafanana na bata. Na mama mkwe, maskini, miezi yote ile alikuwa anatuwashia na kutuzimia gari kwa kisigino.

Nikamuuliza fundi kwa nini hakuniambia mimi, mke wa mwenye gari. Maumivu yalikuwa yamenishika na nilikuwa nimeinama juu ya kapo yenye moto.

"Bwana alisema mutu asijue. Hata weye." Nikamwambia amalize. "Alisema ndugu zako watakuja kutwaa gari, na weye utawapa funguo."

Mama mkwe alisikia. Alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo za mtoto kwenye kikapu. Mimi na mume wangu hatukuwa wa upande mmoja. Kwetu Burundi jambo hilo halielezwi zaidi ya hapo, aliyekwisha kulijua analijua. Tulioana kabla ya vita na tulikuwa tumeapa, tukicheka, kwamba upuuzi huo hautaingia chumbani kwetu.

Fundi ndiye aliyeendesha. Mama mkwe alikaa mbele, miguu ameikunja juu ya kiti kama msichana mdogo, asikanyage chochote, na kwenye kona hakumwita Bikira Maria, aliuma kanga yake tu. Mimi nilikuwa nyuma, nimelala ubavu. Kwenye kizuizi askari alichungulia akanipungia mkono tupite. Tulifika kukiwa na mwanga bado. Binti yangu alizaliwa kabla hawajamaliza kuniandika jina, akalia kwa hasira ambayo wauguzi walisema hawajaisikia siku nyingi, nami nikalia pamoja naye, na kila mtu aliona ni furaha.

Nilikuwa na ndugu wawili. Wa kwanza aliuawa mwaka ule ule vita vilipoanza, na mume wangu ndiye aliyenishika nisianguke kaburini. Wa pili alikimbilia kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, akiwa na ndala miguuni. Huyo hajui kuendesha hata baiskeli. Nilikuwa nawaza hayo wodini, mtoto kifuani, nikiyageuza huku na huku jinsi nilivyokuwa nazigeuza zile bujii mkononi, nikitafuta uchafu uko wapi. Ndugu gani atakuja? Gari atalipeleka wapi? Nilitafuta hasira yangu, ambayo kwa kawaida haijifichi, na nilipoipata ilikuwa imechanganyika na huruma na hofu kiasi cha kutofaa kitu. Fundi alikuja kunitazama siku ya pili, amebeba machungwa. Aliniuliza kama nataka akitoe kile kitufe. Nilimwambia akiache. Sikujua kwa nini.

Mume wangu alirudi mtoto akiwa ameanza kutabasamu. Alikuja na msafara, amekonda, ndevu zimemjaa, akamchukua binti yake akakaa naye uani bila kumwachia mtu. Mama yake alimwandalia maji ya kuoga na hakumwambia lolote. Mimi pia nilikaa kimya siku nzima. Nilikuwa nimeyatunga maneno kwa wiki kadhaa, makali, yamepangwa vizuri, na nilipomwona akiwa amelala mchana na viatu miguuni, yote yakanitoka.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana tulijilaza, mtoto katikati yetu. Nikamwambia fundi alinionyesha kitufe. Nikamwambia na sababu aliyonipa. Hakukana.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unaniogopa mi?"

"Apana," akasema. Kisha akasema, "Sijui. Wakati ule nilikuwa naogopa kila mutu mwenye anajua pahali ninalala."

Nilikuwa nimelala kando yake, kwenye upande wangu wa kitanda ule ule wa miaka yote. Nilitaka kumwambia kwamba anayejua mahali hapo kuliko wote ni mimi, lakini alikuwa amekwisha kulijua hilo kabla ya kulisema, nililiona usoni pake. Mtoto akalia. Tukaamka wote wawili kwa pamoja kumchukua, mikono yetu ikagongana juu yake, na hakuna aliyetaka kuutoa wake kwanza.